Kikao cha Gunia la Bashiru

Tulipotoka kwenye pepa ya hesabu, ya mwisho ya mtihani wa taifa, Remmy alikuwa ameshapanda ngazi za maabara anawasomea watu majibu, sauti juu, kidole hewani. Hakuna aliyemwomba. Remmy haombwi. Amekuwa wa kwanza darasani kwetu tangu kidato cha kwanza, na mtu akikaa kileleni muda mrefu hivyo huanza kuamini kwamba majibu yanatoka kwake, siyo kwenye maswali.

Kila alipotaja jibu, wengine walirusha sweta juu na wengine walishika vichwa. Mimi nilikuwa upande wa sweta. La kwanza nilikuwa nalo, la pili nilikuwa nalo, mpaka la nane, na nilitamani kucheka peke yangu kama kichaa. Sikuwa nimezoea. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, nilipata F ya hesabu, F ambayo baba yangu, mzee wa kanisa kijijini kwetu Yakobi, aliiombea hadharani Jumapili, akaitaja kwa jina langu na kwa jina la somo. Baada ya ibada akina mama walinishika mkono wakanipa pole kana kwamba nimefiwa. Tangu siku hiyo nililala na kitabu cha hesabu na kuamka nacho. Usidhani ni mapenzi ya somo. Ilikuwa hasira.

"Swali la tisa," Remmy akasema, "lile la Bashiru. Safari moja."

"Moja!" darasa zima likaitikia.

"Mbili," nikasema.

Kelele zikakatika. Watu waligeuka kunitazama kwa huruma, na hakuna kitu kinachonipandisha hasira kama kuhurumiwa na watu waliokosea.

Swali lenyewe lilikuwa la kugawa alama za bure. Mkulima aitwaye Bashiru ana kilo elfu nne na mia mbili za viazi. Anavijaza kwenye magunia ya kilo mia moja moja. Lori lake hubeba magunia thelathini kwa safari. Je, atakwenda safari ngapi? Magunia ni arobaini na mawili. Thelathini yanatangulia, kumi na mawili yanafuata. Safari mbili. Niliandika, nikapiga mstari chini, nikaendelea na maisha yangu.

"Tabea," Remmy akashuka ngazi, akaja mpaka mbele yangu. "Baba yako analima nini?"

"Viazi, na wewe unajua."

"Umewahi kuona gunia la viazi la kilo mia?"

"Nimeliona leo. Kwenye swali."

Wakacheka wote. Eveline, ambaye tulikaa dawati moja miaka minne na bado nampenda, alinishika bega akanieleza taratibu kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Gunia la viazi, alisema, ni lumbesa. Huku kwetu kila mtu anajua. Unajaza gunia mpaka mdomoni, halafu unaunganisha kipande cha gunia jingine juu, unajaza tena mpaka linakuwa na kichwa na mabega, halafu unashona kwa kamba. Hilo ndilo gunia. Kilo mia na arobaini, ukibahatika kupata mnunuzi mwenye aibu.

"Lakini swali limesema mia," nikasema.

"Limesema, halikumaanisha," Remmy akajibu. "Mia ni ya kwenye karatasi. Gawanya elfu nne na mia mbili kwa mia na arobaini uone. Thelathini! Hakuna baki hata moja. Lori linabeba mangapi? Thelathini! Unadhani mtunga swali aliota?"

Niligawanya kichwani, na kweli iligawanyika. Kitu cha kijinga kikigawanyika bila baki, huna pa kukishika. Darasa zima la watoto wa wakulima wa viazi lilikuwa limesoma kilo mia, likaguna, likaandika lumbesa. Mimi peke yangu nilikuwa nimemwamini mtunga swali.

Ningeweza kuwaacha na lumbesa yao nikaenda zangu nyumbani. Tatizo langu lilikuwa baba.

Baba yangu Lenard alikuwa ameweka sharti. Nikifaulu hesabu, naanza masomo ya kujiandaa na kidato cha tano pale mjini mara tu mtihani unapoisha. Nisipofaulu, nakwenda Makambako kwa mama mdogo Idda, mwenye mgahawa kando ya barabara kuu, nikawahudumie madereva. Msichana wake wa kazi alikuwa anaolewa, na mama mdogo alikuwa anapiga simu kila siku kuuliza kama nimeshafeli au bado. Matokeo hutoka Januari. Masomo yalikuwa yanaanza wiki inayofuata.

"Mimi sisubiri Januari," baba alisema. "Linganisheni majibu. Wenzako wakisema umepata, umepata."

Sasa wenzangu walikuwa wamesema.

Remmy ni jirani yetu, na habari alizifikisha kabla sijavua viatu. Nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda mlangoni, kofia ameishika mapajani.

"Swali la viazi?" akaniuliza. "Umekosa la viazi?"

"Sijakosa, baba. Wao ndio wamekosa."

"Wote?"

"Wote."

Akatikisa kichwa muda mrefu. "Ungekosa la pembetatu ningekuelewa, mwanangu. Pembetatu hatulimi. Lakini viazi? Vilivyokulea?"

Nilimwambia kwamba hata kama nimekosa, ni swali moja kati ya mengi na halimfelishi mtu. Akasema kanzu haichafuliwi na madoa mengi, doa moja linatosha watu kuangalia. Mama akamwambia mtoto ameeleza vizuri, kilo mia ni kilo mia. Baba akasema jambo hili limekuwa zito, halifai kuamuliwa na mtu mmoja. Nilijua kinachofuata. Baba yangu ni mwenyekiti wa kamati ya maji, mwenyekiti wa ujenzi wa kanisa, na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa viazi vya mabondeni. Akikutana na jambo lolote gumu, dawa yake ni ile ile.

Akaitisha kikao.

Kilifanyika Jumamosi, uani kwetu, kwa sababu viazi vya kikundi kizima vilikuwa vimerundikwa hapo na lori lilikuwa limekuja kupakia. Wajumbe walikaa kwenye mabenchi ya kanisa, wakulima upande huu, wanafunzi upande ule. Mwalimu Methodi, wetu wa hesabu, alialikwa kama mtaalamu. Na Halfan, mwenye lori, mnunuzi kutoka Makambako ambaye wote humwita tajiri, alialikwa kama mdau. Mama na wanawake wengine walikuwa jikoni wakichemsha viazi vya wajumbe.

"Kamwene," baba akawasalimia, wakaitikia. Ajenda zilikuwa nne. Kufungua kwa sala, kuthibitisha ajenda, jibu la swali la tisa, na mengineyo. Sala ilikuwa ndefu. Mungu aliombwa awaongoze wajumbe kulipata jibu lililo jema.

"Siyo jema, sahihi," nikasema kwa sauti niliyodhani ni ndogo. Baba akanitazama, nikainamisha kichwa.

Remmy alisoma swali, akalitafsiri kutoka Kiingereza, akakaa. Mzee Ambrosi, mjumbe mkongwe kuliko wote, akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, nauliza. Huyu Bashiru ni mtu wa wapi?"

"Swali halijasema, mzee," nikajibu.

"Ndiyo maana nauliza. Huwezi kuhesabu viazi vya mtu usiyemjua. Kama ni wa Njombe, gunia lake ni lumbesa. Kama ni wa mikoa mingine, sisi hatujui wanavyoishi huko."

Wajumbe wakaguna kuafiki. Mwingine akasema Bashiru siyo jina la Kibena, huyo atakuwa wa Makambako. Mwingine akasema wa Makambako hawalimi, wanasafirisha, kwa hiyo swali lina walakini tangu mwanzo. Mzozo ukawa kama Bashiru amekodi shamba au amerithi kwa upande wa mke. Walijadili ndoa ya Bashiru mpaka viazi vya kwanza vikaiva, na kuna mjumbe alisikitika waziwazi kwamba mwanamume mzima anasafirisha viazi mwenyewe wakati ana wakwe.

Halfan alikuwa anatabasamu muda wote. Ni mtu mchangamfu, sina ugomvi naye, hata siku ile sikuwa nao. Akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, mimi ninaye ndugu yangu anaitwa Bashiru. Ana lori. Tumuulize."

"Siyo Bashiru huyo!" nikasema.

"Unajuaje, binti?" mzee Ambrosi akaniuliza. Kweli, sikujua.

Simu ikapigwa, ikawekwa sauti kubwa juu ya meza, karibu na Biblia. Iliita mpaka wajumbe wakaanza kuinama kuitazama.

"Asalaam aleikum," simu ikasema.

"Waaleikum salaam. Bashiru, upo?"

"Nipo Ilula hapa, tairi limepata pancha. Kuna nini?"

"Kuna wazee hapa Njombe wanakuuliza. Ukiwa na magunia arobaini na mawili, na gari lako linabeba thelathini, unakwenda safari ngapi?"

"Moja," Bashiru akajibu papo hapo.

"Na yale kumi na mawili?"

"Nayapandisha juu, nafunga turubai. Nani anarudi Njombe kwa magunia kumi na mawili? Dizeli ya nani? Nani huyo anayeuliza maswali haya?"

"Ni mtihani wa taifa."

Bashiru akauliza, kwa sauti ya mtu aliyeshituka, ametajwa kwa kosa gani. Halfan akamtuliza, akamwambia hana kesi, akakata simu. Mzee Ambrosi aliegemea benchi, akapanua mikono.

"Mhusika mwenyewe amezungumza."

Sikujua nicheke au nilie. Nilisimama bila kuomba ruhusa, nikawaambia kwamba hata kwa hesabu ya huyo Bashiru magunia ni arobaini na mawili, na kama magunia ni arobaini na mawili basi gunia ni kilo mia, na kama gunia ni kilo mia basi Remmy na lumbesa yake wamekosa. Nilisema haraka, mkono mmoja kiunoni, kwa namna ambayo mama hunikataza. Nadhani nilieleza vizuri. Niliona mabenchi ya wakulima yakitulia. Watu walikuwa wanahesabu vidoleni, midomo inatembea, na nikaona mmoja wao anafika kwenye jibu.

Baba akakohoa. "Mwalimu, kitaalamu inakuwaje?"

Mwalimu Methodi alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Kitaalamu," akasema, "ni mbili."

Kama ningekuwa na sweta mkononi ningeirusha mpaka juu ya bati.

"Kwa hiyo, wazee wangu," Halfan akasema polepole, bado anatabasamu, "kikao kinasema gunia la viazi ni kilo mia?"

Vidole vilivyokuwa vinahesabu vikakunjwa.

"Siyo kwa ubaya. Nauliza nijue tu. Maana mimi nimekuja na vijana wangu na kamba zangu, nimezoea gunia letu lile. Kama wazee wa hapa mmekaa kikao, mkasali, mkapitisha kwamba gunia ni kilo mia, mimi nitaheshimu. Nitafunga mlango wa gari, nitakwenda zangu kwa watu wa kule mbele, ambao hawajakaa kikao."

Nyuma yake lile rundo la viazi lilikuwa limefunikwa kwa majani na maturubai, na mvua za Novemba zilikuwa zimeshaanza. Kiazi kilichochimbwa kikinyeshewa hakina siku nyingi. Kila mtu pale alilitazama rundo, halafu akatazama chini. Hapo nilielewa. Hakuna aliyekuwa anajadili mtihani wangu tena.

Na kitu kilichoniuma ni kwamba nilimjua baba. Hakuna mtu anayeichukia lumbesa kama baba yangu. Kila msimu huhesabu madebe yanayoingia kwenye kile kichwa cha gunia, madebe ambayo hakuna anayeyalipia, anayataja mezani mpaka chakula kinapoa. Kwa maisha yake yote alikuwa anatafuta mtu wa kusimama mbele ya wanunuzi na kusema gunia ni kilo mia. Mtu huyo alikuwa amesimama, amevaa sketi ya shule, na ni mtoto wake.

"Mwalimu alikuwa hajamaliza," baba akasema. "Mwalimu?"

Mwalimu Methodi alitazama upande wa rundo. Na yeye ana shamba bondeni. "Kitaalamu ni mbili," akarudia, "lakini mimi ni mwalikwa. Sina kura." Akakaa.

Mzee Ambrosi, ambaye hapendi ugomvi, akapendekeza safari moja na nusu. Alisema kila upande utoe kidogo, watoto wasigombane, wamekua pamoja. Wajumbe wengi walilipenda jibu hilo. Lilijadiliwa kwa bidii, mpaka Remmy akauliza hiyo nusu lori linaishia wapi, na viazi vinashushiwa nani porini kwenye miti ya mbao. Mzee Ambrosi akasema hayo ni ya utekelezaji, yatajadiliwa baadaye. Halfan akasema kwa upande wake lori halilali njiani. Pendekezo likafa.

"Tupige kura," baba akasema. "Wanaosema mbili."

Nilinyoosha mkono. Nilitazama upande wa wanafunzi. Eveline alikuwa anakagua kucha zake. Halafu nikasikia mlango wa jikoni, na mama akatokea, amefunga kanga kiunoni, mwiko mkononi. Akaunyoosha ule mwiko juu, unatoa mvuke.

"Mbili," mama akasema.

Wajumbe wakanong'onezana. Mzee Ambrosi akaomba mwongozo wa mwenyekiti kama wapishi ni wajumbe. Baba akatazama meza. Akasema kwa utaratibu wa vikao, wanaohudumia kikao siyo wajumbe wa kikao. Mama alisimama kidogo na mwiko wake juu, kisha akaushusha, akarudi ndani. Viazi vilivyoletwa baada ya hapo havikuwa na chumvi hata punje, na wajumbe walivila hivyo hivyo.

"Wanaosema moja."

Mikono ikapanda kwenye mabenchi yote. Ya wakulima, ya wanafunzi, ya Remmy yote miwili. Hata vijana wa kupakia, ambao hawakuwa wajumbe na hawakupika, walinyoosha kutoka juu ya lori. Hesabu ilikuwa imekwisha. Mwenyekiti hapigi kura isipokuwa pande zimelingana, baba mwenyewe ndiye aliyeiandika sheria hiyo, na kura yake haikuhitajika na mtu yeyote.

Akanyoosha mkono wake.

Hakunitazama. Aliushikilia juu kwa muda, mkono ule wenye udongo usiotoka kwenye mikunjo, mpaka akahakikisha Halfan ameuona. Kisha akatangaza kwamba kikao kimepitisha safari moja, na tukaingia kwenye mengineyo.

Jumatatu nilikuwa Makambako.

Mgahawa wa mama mdogo Idda upo barabarani pale ambapo malori ya kwenda Dar na ya kwenda Mbeya hupishana, na kuna watu wanakula saa zote. Nilivaa aproni, nikajifunza kubeba sahani nne kwa mkono mmoja, nikajifunza dereva yupi anataka pilipili na yupi anataka kuongea. Mama mdogo hakuwa mkali. Alikuwa na kawaida ya kuniambia nisihuzunike, hesabu siyo za kila mtu, yeye mwenyewe zilimshinda na angalia alivyonawiri. Wateja walipouliza mbona binti huyu amenuna, aliwajibu kwamba nimefeli kwenye kikao. Wakaelewa. Hakuna aliyeshangaa. Halfan alikuwa anakuja kunywa supu asubuhi, ananisalimia vizuri, ananiita "mwanahesabu," na nilimhudumia kama wengine.

Nilikuwa na hasira kila siku. Asubuhi nikiwasha jiko nilikuwa nayo, jioni nikiosha masufuria nilikuwa nayo. Nilimchukia Remmy, nikamchukia mzee Ambrosi na nusu yake, nikamchukia hata Bashiru, aliyewahi kuja kula pale na ambaye ni mtu mpole mwenye watoto watano. Baba sikuweza kumchukia. Nilijaribu sana.

Matokeo yalitoka mwisho wa Januari. Dereva mmoja alinitafutia kwenye simu yake huku anakula ugali, akatia mafuta ya samaki kwenye kioo kizima. Hesabu, A. Nilimwambia aangalie tena. Akaangalia tena. Remmy alikuwa na B, Eveline C. Darasa zima lilikuwa limefaulu, lumbesa na vyote, na pale kijijini hakuna aliyepungukiwa na kitu chochote isipokuwa mimi.

Nilipiga simu nyumbani. Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Baba akaichukua, akaniambia wameshaona, na kwamba kikao kimeitishwa kuyajadili matokeo.

"Kujadili nini, baba?"

"Kuna mambo ya kuweka sawa," akasema.

Alikuja siku iliyofuata kwa basi la asubuhi. Alivaa koti lake la kanisani, na alikuwa amembeba jogoo kwapani, zawadi ya mama mdogo. Mgahawa ulikuwa umejaa. Nilimkaribisha kwenye meza ya katikati, ndiyo pekee iliyokuwa na kiti, nikamletea chai. Meza ya pili kutoka pale Halfan alikuwa anakunywa supu na wanunuzi wenzake. Wakasalimiana kwa mbali, mkono kifuani.

"Nimekuja kukuchukua," baba akasema. "Nimezungumza na wale wa masomo mjini. Utawakuta wenzako wamesonga kidogo, utawafikia."

"Kikao kimesemaje?"

"Kikao kimekupongeza kwa kauli moja."

"Na jibu la swali la tisa?"

Akakoroga chai ambayo ilikuwa haina sukari bado. "Kikao kimeona kwamba wewe umefaulu, na jibu linabaki moja. Mzee Ambrosi amesema hayo ni mambo mawili tofauti."

Nilisimama pale na trei yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, lakini si kwa hilo. Nikamwambia baba yangu, mbele ya jogoo wake, kwamba siondoki Makambako mpaka aniambie yeye mwenyewe, siyo kikao, gunia ni kilo ngapi.

"Tabea, watu wanakula."

"Wewe niambie tu."

"Mwanangu..."

"Nitabeba sahani hapa mpaka nizeeke. Niambie."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa mekundu, sijui ni usingizi wa safari au ni nini. Akamweka jogoo chini, akafunga vifungo vya koti kuanzia chini mpaka juu, akasimama. Akasema kwa sauti anayotumia kusomea zaburi, sauti inayofika mpaka benchi la nyuma kabisa.

"Gunia la viazi ni kilo mia moja. Binti yangu alipata."

Vijiko vilisimama. Madereva waligeuka, wanunuzi waligeuka, hata mtu wa chapati alitoa kichwa nje kuona nani anahubiri. Miezi ile yote ya sahani na masufuria, nilikuwa radhi kuirudia yote kwa ajili ya sentensi zile mbili. Nilitaka kumkumbatia pale pale, na siyo desturi yetu.

Halfan alifuta mdomo kwa kitambaa. Hakuwa amekasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kupanga kazi zake tu.

"Mzee Lenard, samahani. Hiyo ni hesabu ya mtihani, au ndiyo ya mzigo wa Jumamosi hii?"

Baba alinitazama mimi. Halafu akamtazama yeye, na wale waliokaa naye, na malori yaliyoegeshwa nje.

"Ya mtihani," akasema. "Ya mtihani tu, tajiri."

Akakaa. Vijiko vikaendelea. Niliweka trei mezani, nikavua aproni, nikaenda nyuma kuchukua begi langu, na nilipopita jikoni mama mdogo aliniuliza nalia nini wakati nimefaulu.